Flash Ilipozimwa

Januari 12, 2021, kampuni ya Adobe iliizuia programu yake ya Flash Player isicheze tena chochote. Nilikuwa Virginia, Marekani, nimeajiriwa na mkandarasi anayetengeneza masomo ya kompyuta kwa mafundi wa magari ya jeshi, na karibu kazi yetu yote ilikuwa ndani ya Flash.

Tangazo la kuizima lilitoka Julai 2017. Fedha za kuyahamishia masomo kwenye HTML5, inayochezwa na kivinjari chenyewe, zilichelewa mno. Tulipoanza, tukakuta masomo mengi yamebaki na faili la kuchezesha tu, SWF. Lile la kuhariri, FLA, waliotutangulia waliondoka bila kulikabidhi. Bila FLA inabidi ujenge somo upya, picha kwa picha, kitabu cha ufundi kikiwa pembeni, kwa sababu nacho kimeshabadilika tangu somo lilipotungwa. Hapo ndipo nilipokosa usingizi. Somo la breki likipingana na kitabu, askari kijana atafuata alichokiona kwenye skrini, kisha atapanda gari hilo na wenzake.

Korona ilikuwa imetufungia ndani, na mkataba wetu ulikuwa unakaribia kwisha. Mama alinipigia kutoka Kitale, Kenya, akaniuliza, "Mwanangu, masomo hayo ni ya nani hata yakukondeshe?" Nikamjibu, "Ni ya watoto wa watu, mama." Akaniombea pale pale kwenye simu. Nashuhudia kwamba maombi yale yalinishika.

Tuliacha kufuata orodha tuliyopewa, tukaanza na masomo yanayoweza kuua: breki, jeki, matairi. Kila kipande cha somo tukakipa namba ya aya yake kitabuni, tukiiga S1000D, utaratibu wa kuandika vitabu vya ufundi, ili aya ikibadilika tujue mara moja ni skrini zipi za kurekebisha. Kisha tukayafunga masomo kwa SCORM, kanuni zilizotokana na mradi wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani, ili somo lisifungwe kwenye mfumo mmoja tu. Mkataba ulirefushwa, nami ningali kazini.

Nawasihi ninyi mnaotunga masomo ya kompyuta, iwe jeshini, hospitalini au chuoni: msipokee wala kukabidhi kazi isiyo na faili lake la kuhariri. Liandikeni sharti hilo kwenye mkataba kabla hamjasaini.