Kondakta, Kinyozi na Fisi wa Kompyuta

Mtajie mtu wa Eastlands ya Nairobi wa rika langu filamu za Kihindi, atakujibu Amitabh Bachchan hata kabla hujamaliza kuuliza. Huyo tulirithishwa na wazazi. Wao Jumapili walivaa nguo za kutokea wakaenda jumba la sinema la Shan, pale Ngara, wakakaa gizani pamoja na familia za Wahindi na kulia pale ambapo Wahindi walilia. Jumba lile siku hizi linaitwa Sarakasi Dome, na watu hupiga samasoti mahali ambapo mama yangu alifutia machozi. Sisi watoto wa Jericho na Makadara hatukuwa na nauli ya Ngara. Tulingoja gari la sinema lije uwanjani, tukatazama matangazo ya sabuni na mafuta ya kupikia, kisha filamu yenyewe, kitambaa kikipeperushwa na upepo hadi pua ya akta inapinda.

Filamu za Kitamil hazikuwamo katika urithi huo. Hakuna aliyetuambia kwamba India ina viwanda vingi vya filamu, na kwamba watu wa Chennai hutengeneza zao kwa lugha yao, mbali na Mumbai ya akina Bachchan. Kwetu zote zilikuwa za Kihindi basi.

Hizo za Kitamil zilitufikia kupitia vidio. Miaka ya tisini kila mtaa kuanzia Kariobangi hadi Kayole ulikuwa na banda la mabati, mabenchi ya mbao, blanketi mlangoni kuzuia mwanga, na televisheni iliyofungiwa ndani ya vyuma kama mfungwa wa Kamiti. Kiingilio kilikuwa shilingi tano, kikapanda hadi kumi. Stima ikipotea, mwenye banda alitoweka kwa mlango wa nyuma asidaiwe. Hapo ndipo tulipojifunza ushenzi mmoja ambao sijutii sana: wimbo ukianza tu, benchi zima lilipiga kelele ipelekwe mbele. Msichana na mvulana walikimbizana mlimani kwa mwendo wa kasi, mavazi yakibadilika mara saba kwa nusu dakika, kisha turudi kwenye ngumi. Filamu ya saa tatu tuliimaliza kwa mbili.

Akaja DJ Afro. Jina lake ni James Muigai, na hakuna mtaa wa Eastlands ambao sauti yake haijafika. Aliitafsiri filamu kwa Kiswahili cha mitaani, na asipojua kinachosemwa alitunga chake, mara nyingi kizuri kuliko cha mwandishi. Watanzania walikuwa na Lufufu, Waganda wana VJ Jingo. Ndugu hawa wote ni wa ukoo mmoja. Na ni kupitia filamu zilizotafsiriwa namna hiyo ndipo nilipoanza kuona mambo hayalingani. Mdomo wa akta ulikwenda njia moja, sauti ya Kihindi iliyobandikwa juu yake ikaenda nyingine, na Kiswahili cha Nairobi kikapanda juu ya hizo mbili. Akta alifunga mdomo, sauti ikaendelea. Ndivyo Enthiran ya mwaka 2010 ilivyotufikia, ile ya roboti linalompenda Aishwarya Rai: ilitengenezwa Chennai kwa Kitamil, ikapakwa Kihindi, ikafika kwetu na jina la Robot.

Basi nikaanza kuangalia vizuri. Wanaume wa filamu hizi hawakuwa weupe kama wale wa Mumbai. Walikuwa weusi, wenye masharubu, na nyumbani walijifunga shuka jeupe kiunoni wakalipandisha hadi magotini kabla ya kupigana, vile ambavyo mzee wa Lamu hupandisha kikoi chake akitaka kuvuka maji. Nyuma yao kulikuwa na minazi, migomba na barabara ya vumbi. Na yule mkubwa wao, Rajinikanth, alikuwa kondakta wa basi kule Bangalore kabla ya kuingia kwenye filamu mwaka 1975. Kondakta! Nilipoisimulia habari hiyo kwenye kituo cha matatu za Buruburu, makanga mmoja alinitaka niapishwe. Rajinikanth akawa wetu siku hiyo hiyo.

Lakini mapenzi yasinipofushe. Wanaume walikuwa weusi. Wasichana wao aghalabu waliletwa kutoka kaskazini, weupe. Katika Sivaji ya mwaka 2007, Rajinikanth anahangaika kujichubua apate kumpendeza mchumba, na ukumbi unatarajiwa ucheke. Sisi tunaopita River Road na kuona maduka ya krimu hatukucheka sana. Hilo bado halijarekebishwa hadi leo, na mkurugenzi yeyote wa Chennai anayejisifu kwamba anasimulia maisha ya watu wake anapaswa kuulizwa habari hiyo.

Mabanda yakafa taratibu. Kwanza yalikuja maduka ya movie, unauziwa diski kwa shilingi hamsini, kisha flashi, kijana anakujazia filamu ishirini huku ukila mahindi ya kuchoma, kisha simu. DJ Afro naye akahamia huko huko. Ndipo, tukiwa tumefungiwa ndani na kafyu ya mwaka 2020, mpwa wangu akaniletea Kaithi, ambayo ilikuwa imetoka mwaka uliotangulia.

Niruhusu nikae hapa kidogo, kwa sababu baada ya Kaithi sijatazama filamu za Kitamil kwa jicho lile lile. Mtu ametoka jela baada ya miaka kumi. Ana binti ambaye hajawahi kumwona, na anataka kumfikia katika kituo cha watoto yatima. Afisa wa polisi anamlazimisha aendeshe lori lililobeba polisi waliolishwa sumu, awafikishe hospitali, huku genge linamwinda barabarani. Yote ni usiku mmoja. Akta Karthi anaipokea pingu mkononi, anakula biriani kama mtu aliyesahau chakula, anavaa majivu kwenye paji la uso na kuingia vitani. Hakuna msichana wa mapambo. Na hakuna wimbo hata mmoja! Mkurugenzi Lokesh Kanagaraj alifanya kwa makusudi kile ambacho banda letu la Kariobangi lilikuwa likifanya kwa rimoti miaka ishirini nyuma. Nilijikuta najisifu mbele ya mpwa wangu kana kwamba nililipwa ushauri.

Tatizo ni kwamba alifanikiwa. Ilipofika Vikram mwaka 2022, Lokesh alikuwa anajenga ulimwengu mzima: akta wa filamu hii anachungulia katika ile, na Suriya anatokea mwishoni kabisa kwa dakika chache tu ili tununue tiketi ya inayofuata. Vikram bado ilinishika, kwa ajili ya Kamal Haasan na Fahadh Faasil. Leo ya mwaka 2023 ilinitupa. Vijay ni mwenye mkahawa huko Himachal Pradesh, na mapema tu fisi anaingia mjini kushambulia watu, Vijay anamdhibiti. Fisi mwenyewe ni wa kompyuta, na watazamaji wa Kenya ndio watu wasiopaswa kuletewa fisi wa bandia. Tulicheka mpaka tukapitwa na mazungumzo. Jailer ya mwaka huo huo ilikuwa na uzito zaidi, kwa kuwa Rajinikanth aliruhusiwa kuwa babu. Halafu Coolie, Agosti 2025, miaka hamsini tangu filamu yake ya kwanza: mzee wa miaka 74 anapangiwa watu wa kupiga, wageni maarufu wanapokezana kuingia hadi Aamir Khan mwenyewe, na hadithi imekaa nje inangoja kuitwa.

Zilizobaki moyoni mwangu ni zile zilizomfuata mtu mdogo. Jai Bhim ya mwaka 2021 inatokana na kesi ya kweli ya miaka ya tisini: mtu wa tabaka la chini anakamatwa kwa wizi asioufanya, anatoweka mikononi mwa polisi, mkewe mjamzito anatafuta wakili. Suriya ndiye wakili, lakini filamu ni ya Lijomol Jose, yule mke, anayekataa kukaa chini. Niliitazama na majirani, na hakuna aliyeongea, maana kila mmoja alikuwa anamwaza Willie Kimani, wakili aliyeuawa mwaka 2016 pamoja na mteja wake na dereva wao wa teksi kwa sababu mteja huyo alithubutu kumshtaki polisi. Hukumu ilitoka mwaka 2022. Filamu haikuhitaji tafsiri ya DJ yeyote.

Maharaja ya mwaka 2024 niliitazama kwa kinyozi, Umoja, na hapo ndipo ilipostahili kutazamwa, kwa sababu Vijay Sethupathi ni kinyozi humo. Anaingia kituo cha polisi kuripoti kwamba ameibiwa pipa la taka linaloitwa Lakshmi. Polisi wanacheka, wanamtukana, kisha anapotaja pesa wanalitafuta. Kinyozi wetu alizima mashine, mteja akakaa na kichwa nusu, hakuna aliyelalamika. Jamaa mmoja aliyekuwa anangoja zamu alisema OB, kitabu cha polisi, haitaandikwa mpaka chai itoke, na kweli hivyo ndivyo ilivyokwenda. Mkurugenzi Nithilan Saminathan anavuruga mpangilio wa wakati, anakuficha jambo moja hadi mwisho, na linapofunuka linaumiza. Kuna ukatili dhidi ya mtoto wa kike ambao sikuufurahia jinsi ulivyotumiwa. Uijue kabla hujaiweka mbele ya familia.

Kwa hivyo, ukitaka kuanza, anza na Kaithi usiku, uendelee na Maharaja watoto wakiwa wamelala, na Jai Bhim uitazame na mtu mnayeweza kubishana naye baadaye. Hiyo Leo waachie wasiojua fisi.