Kilima na Baisikeli Yangu

Leo nataka kuwaeleza habari za kilima kimoja, kwa kuwa nadhani wako wenzangu wa umri wangu watakaofaidiwa nazo.

Sisi watu wa Matongo twakaa upande wa chini, karibu na mto Mara. Mtu atakaye kwenda Nyamwaga hana budi kuupa mto kisogo na kupanda. Katika ujana wangu naliipanda njia ile kwa baisikeli bila kushuka, na vitabu vyangu nyuma juu ya keria. Baadaye nikazoea pikipiki za kukodi, na baisikeli ikalala ukutani ikishika kutu.

Hata mwaka 2023, nikiwa na miaka 47, naliitwa usiku kwa mzee mmoja kule mlimani, ndiye aliyenifundisha kusoma. Sikuwa na nauli, nikatwaa baisikeli. Kabla sijafika nusu ya kilima pumzi zikanikatika, nikaisukuma kwa miguu, nikipumzika mara kwa mara. Nilipofika nalimkuta amekwisha kufariki. Hakuna aliyenilaumu, ila moyo wangu ulinilaumu.

Baada ya maziko nalikwenda zahanati. Tabibu akanipima shinikizo la damu, akaniambia nianze polepole. Kisha fundi akakiinua kiti, hata mguu ukawa karibu kunyoka pedeli ifikapo chini; akatia na raba mpya za breki, maana apandaye hana budi kushuka.

Nalifanya mazoezi siku tatu kwa juma. Baisikeli yangu haina gia za kubadili, basi palipo na ukali mno nalipanda kwa mshazari, njia ikiwa tupu. Vijana wakanicheka: “Mwalimu, panda pikipiki!” Nikawajibu, “Kesho, wanangu.”

Punde nikalitambua kosa langu: nalikuwa nikianza kwa haraka ya kijana. Basi nikajiwekea kipimo. Nikiwa siwezi kusema Baba Yetu bila kukatika pumzi, napunguza mwendo.

Yako pia mambo yaliyonitia moyo. Mfaransa Robert Marchand alizaliwa mwaka 1911. Mwaka 2012, akiwa na miaka 100, aliendesha baisikeli kilometa 24.25 kwa saa moja. Mwaka 2014, akiwa na miaka 102, akaendesha kilometa 26.927. Wataalamu waliompima waliona kwamba kwa mazoezi mwili wake ulizidi uwezo wa kutumia hewa. Ikiwa mzee wa miaka mia aliongezeka nguvu, mimi wa arobaini na saba nina udhuru gani?

Mwezi wa tano nikafika juu, nimeshuka mara moja tu. Sikushangilia. Nalikwenda penye kaburi la mwalimu wangu, nikakaa kimya kitambo, nikarudi.

Majuzi nimeitwa tena usiku, kwa mama mmoja mjane huko huko mlimani. Nalifika angali na maneno. Tukazungumza hata alfajiri, akaniagiza habari za watoto wake, ndipo akalala.

Basi, ndugu yangu, kama baisikeli yako imeegemea ukuta, itie mafuta leo. Kilima hakipungui kwa kungojewa, na mgonjwa hangoji.