Kisiwa Chenye Mlima

Mama aliuliza swali moja tu: "Kisiwa hicho kina mlima?"

Nilikuwa nimemtajia Unguja. Kahawa ilikuwa imepata bei, na tangu baba afariki nilimwahidi kwamba siku moja tutatoka Maliba tukakae mahali pasipo na jembe. Nilitarajia aulize nauli. Lakini mtu aliyezeeka kando ya mto Mubuku hupima mahali kwa njia ya kukimbilia. Mei 2020, Mubuku, Nyamwamba, Nyamughasana na Lhubiriha ilipofurika karibu kwa pamoja, tulisikia mawe yakigongana gizani kabla hatujaona tone la maji. Tulipanda, tukapona. "Huko Unguja mtu anapanda wapi?" akauliza. "Juu ya mnazi?"

Unguja ikafia hapo, na pasipoti ikaja kuizika: Mganda huingia Kenya kwa kitambulisho cha taifa, lakini Tanzania haimo katika mpango huo. Nikasema basi Lamu. Lamu nayo mchanga mtupu, nikajijibu mwenyewe kabla yake.

Tukashuka Bwera kwa dada, maana kwetu neno halijawa neno kabla dada hajalisikia. Anauza vitenge karibu na mpaka wa Mpondwe, wateja wake wanatoka Kasindi na Butembo, upande wa Kongo, na Kiswahili chake siku hizi ni chao. "Mama, kuko Idjwi, mu Kivu. Kisiwa iko na milima mingi, inashinda hata ya kwetu."

Mama akachangamka. "Wanalima nini?"

"Mananasi. Na kahawa."

Alicheka hadi akashika tumbo. Atoke kwenye kahawa, alipe nauli, akatazame kahawa! Na njia ya Beni hadi Goma si ya mtu anayekwenda kupumzika. Dada anaijua habari hiyo kuliko sisi. Nadhani alitaka tu mama acheke.

Ziwa Bunyonyi lilikaribia kushinda. Visiwa 29, vilima pande zote, na halina sifa ya kichocho. Kosa likawa la dada, aliyesimulia habari za Akampene, kile kisiwa kidogo ambako Wakiga wa zamani waliwaacha mabinti waliopata mimba kabla ya kuolewa, wafe kwa njaa na baridi. Nilieleza kwamba ziwa lina visiwa vingine. Mama, aliyezaa mabinti wanne, alikunja kitenge alichokuwa anakishika akasema: "Maji hayo siyavuki."

Zikabaki Ssese, visiwa 84 vya Ziwa Victoria. Nilifungua ramani kwenye simu nikamwonyesha kwamba mji wa Kalangala, katika kisiwa kikubwa cha Bugala, umekaa mgongoni mwa kilima. Hakuiamini simu. Alimwamini jirani ya dada aliyewahi kuvua huko, aliyenyoosha mkono kuonyesha mwinuko kutoka ufukweni hadi mjini. Mkono ule ndio ulioamua.

Kesho yake tulirudi hadi Kikorongo, tukashika barabara ya Mbarara. Pale Katunguru taksi ilisimama juu ya daraja kupakia mwanamke na kikapu cha ngege. Chini, mfereji wa Kazinga ulikuwa umetulia, viboko wamelala kama mawe yaliyosahauliwa. Nikamwambia mama kwamba Mubuku huingia Ziwa George, na Ziwa George hutokea hapa kwenda Ziwa Edward. Alitazama kwa muda mrefu.

"Huyu ndiye Mubuku?"

"Ndiye."

"Kumbe huchoka."

Mbarara tulilala, sina la kusema juu yake. Masaka tulikula. Bukakata tulikuta kivuko kisichotoza nauli, na hilo lilimtia mama wasiwasi kuliko mawimbi: kitu cha bure juu ya maji! Alikataa kuketi pembeni. Alisimama katikati, kati ya lori la saruji na pikipiki, ameshika kioo cha lori kama mkono wa jamaa. Akanituma nihesabu majaketi ya kuokolea. Nilipofika 40 tulikuwa tunafunga gati Luuku.

Lazima niseme: nilitegemea msitu, tukapokewa na michikichi, mistari na mistari yake, shamba la mafuta ya kupikia. Misitu ipo, na tumbili wake, ila unaikuta kwa vipande. Wageni wengi hushukia Lutoboka, mchangani, kwenye vibanda vya kulala vinavyotazama ziwa. Nilikuwa nimelipia kimoja, usiku mbili. Mama alikitazama, akatazama maji, akapima hatua kati yao. Kisha akaanza kupanda na mzigo wake kichwani.

Tulipata chumba mjini juu, cha bei rahisi, dirisha likitazama nyuma ya duka la chokaa. Jioni alikula sangara, akaniuliza ziwa hili linashuka wapi. Nikamwambia mto wake unatokea Jinja, mbali sana na hapa.

Usiku mvua ikanyesha, ile nzito ya kupiga mabati. Nyumbani mvua ya namna hiyo haimwachi mtu kitandani; tunakaa macho tukisikiliza kama mawe yameanza kutembea. Niliamka nikaketi. Mama alikuwa amelala chali, mdomo wazi, anakoroma. Nilibaki peke yangu hadi alfajiri, nikiusikiliza mto usiokuwapo.