Mpwa, Simu Isubiri Gari Lisimame

Kwa mpwa aliye Alexandria, Virginia.



Huku Tanga wote ni wazima. Presha ya mama yako imeshuka, mdogo wako amechaguliwa kuingia kidato cha tano, na bati za nyumba ya Ngamiani zimekwisha kupigwa. Fedha ulizotuma zimefika. Barua hii haikuandikwa kwa hayo.

Mjomba wako ameshika kalamu kwa sababu ya kile kikao cha shamba la Muheza. Wewe ulishiriki kwa simu, sauti imefunguliwa, wazee wameizunguka mkekani. Hoja ya mipaka ilikuwa imepamba moto, na wewe ndiye uliyekuwa ukichochea kuni, mara ikasikika honi ndefu, kisha mlio wa breki, kisha mwanamke akipiga ukelele kwa Kiingereza. Kimya. Halafu ukasema, "Hamna kitu, endeleeni." Wengine wakaendelea. Mjomba hakuendelea, na mpaka leo hajui mipaka ile ilikubaliwa vipi.

Mama yako mdogo alipokuuliza baadaye, ulimjibu kwamba simu hukuishika, ulikuwa na hedseti ya Bluetooth sikioni, mikono yote miwili ikiwa kwenye usukani, na sheria ya Virginia inaruhusu.

Kuhusu sheria umesema kweli. Virginia ilipiga marufuku kushika simu mkononi ukiwa unaendesha kuanzia 1 Januari 2021: kosa la kwanza dola 125, la pili 250. Hedseti imeachwa, mradi isizibe masikio yote mawili. Kwa madereva wa mabasi na malori ya biashara yanayovuka mipaka ya majimbo, sheria ya shirikisho iliyoanza Januari 2012 inakataza simu ya kushikwa, na faini yake wakati huo iliweza kufika dola 2,750. Hapo nako hedseti imeachwa. Lakini mjomba hakuuliza polisi watasema nini. Ameuliza yule mwanamke alipiga ukelele kwa nini.

Sasa sikiliza kisa kilichotokea hapo hapo unapoishi, maana vijana mkielezwa mambo ya mlima wa Kitonga mnasema hayo ni ya zamani na ya Tanzania.

Jumapili ya tarehe 14 Novemba 2004, mabasi mawili yalikuwa yakiwapeleka wanafunzi Mount Vernon, kwenye nyumba ya George Washington. Yalishika barabara ya George Washington Memorial Parkway kuelekea kusini, ile inayofuata mto Potomac. Mbele yao kulikuwa na daraja la mawe lenye umbo la tao, linalopitisha mtaa wa Alexandria Avenue juu ya barabara hiyo. Tao ni tao: pembeni ni fupi, katikati ni refu. Leni ya kulia ilikuwa na nafasi ya futi 10 na inchi 2, yaani kama mita 3 na sentimita 10. Ya katikati ilikuwa na futi 13 na inchi 4. Mabango ya kuonya yalisimamishwa kabla ya kufika. Basi lilikuwa na kimo cha futi 12.

Dereva wa basi la kwanza alipita salama. Wa pili alibaki kulia. Mchana kweupe, akienda kama kilomita 74 kwa saa, aliyapita mabango na kuliingiza basi chini ya mawe. Paa likachanwa. Ndani mlikuwa na wanafunzi 27. Kumi waliumia kidogo, mmoja aliumia sana. Kwamba hakuna aliyekufa ni rehema ya Mungu, wala si ujuzi wa mtu.

Dereva yule hakuwa amelewa, wala hakuwa amesinzia. Alikuwa akizungumza kwa simu ya kutoshika mkononi, kama wewe. Aliwaambia wachunguzi kwamba hakuyaona mabango, na daraja lenyewe hakuliona mpaka alipoligonga. Mpwa, daraja zima la mawe! Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani ilipomaliza uchunguzi wake, haikulaumu breki wala matairi. Ilisema chanzo ni dereva kutotambua onyo kwa sababu akili yake ilikuwa kwenye mazungumzo ya simu.

Simu hakuishika mkononi. Ndilo jibu ulilompa mama mdogo.

Utasema huyo ni mtu mmoja. Basi wasikilize waliohesabu wengi. Mwaka 1997 watafiti wawili wa Toronto, Redelmeier na Tibshirani, waliwachukua madereva 699 wenye simu waliokuwa wamepata ajali, wakalinganisha saa za ajali na kumbukumbu za kampuni za simu. Hatari ya kugonga ilipanda karibu mara nne wakati wa simu, na waliotumia simu za kutoshika hawakuwa na nafuu. Mwaka 2005 wengine walifanya hivyo Perth, Australia, kwa madereva 456 waliofikishwa hospitali baada ya ajali. Jibu likawa lile lile: mara nne, mkono uwe umeshika au haukushika.

Wa Chuo Kikuu cha Utah ndio waliomkamata mjomba wako hasa. Mwaka 2006 walichapisha matokeo ya jaribio la madereva 40 kwenye mtambo wa kuigiza barabara. Siku moja madereva waliendesha wakizungumza kwa simu ya kushika, na kwa hedseti. Siku nyingine walinyweshwa vodka na maji ya machungwa mpaka wakafikia kiwango cha ulevi kinachokatazwa na sheria za Marekani, wakaendesha tena. Watatu waliligonga gari la mbele, na wote watatu waligonga wakiwa kwenye simu. Wakiwa wamelewa hakugonga hata mmoja. Na kati ya hedseti na simu ya mkononi, tofauti haikuonekana.

Wewe hujawahi kuonja pombe, na mama yako hujivunia hilo kila anapokaa na wenzake. Halafu unabeba wageni wa hoteli kwenda uwanja wa ndege wa Reagan huku akili yako ikiwa Muheza, ukipimana na wajomba nani apewe michungwa ya bondeni.

Tena usije ukasema kwamba hata abiria huongea na dereva. Mjomba amepanda Kitonga usiku na mchana, mbele ana utingo asiyefunga mdomo kutoka Mikumi hadi Iringa. Lakini gari likianza kuingia kwenye zile kona, na lori la mizigo likichungulia juu, utingo hunyamaza mwenyewe bila kuambiwa, kwa sababu lori analiona. Mara nyingine yeye ndiye hulitaja kwanza. Watu wa Utah walilipima hata hilo, wakachapisha mwaka 2008: walioendesha wakizungumza na abiria, wengi wao waliikumbuka njia ya kuchepukia waliyoelekezwa, ila wa simu karibu nusu waliipita. Abiria yumo safarini. Sisi wa mkekani tuliokuwa tukibishana nawe hatukuiona barabara. Hakuna aliyejua kwamba umefika kwenye makutano, ndiyo maana hakuna aliyenyamaza.

Kifaa chenyewe hakina ubaya. Wahandisi wa Ericsson kule Lund, Uswidi, walioanza kazi ya Bluetooth mwaka 1994, walitafuta njia ya kuondoa waya kati ya simu na vyombo vyake, wakaipata. Ukiegesha gari, itumie hata usiku kucha. Waya wameuondoa, mzozo wa shamba hawakuahidi kuuondoa.

Mjomba anajua utakachomjibu: mbona serikali haijakataza? Ile Bodi iliomba. Desemba 2011, baada ya kuchunguza ajali ya Gray Summit, Missouri, iliyoua watu 2 na kujeruhi 38 mwaka uliotangulia, ilipendekeza majimbo yote yawakataze madereva simu kabisa, na hedseti pia, isipokuwa kwa dharura. Ajali ile ilihusu ujumbe wa maandishi, lakini Bodi haikuishia kwenye maandishi. Ila Bodi hupendekeza tu, haitungi sheria, na hakuna jimbo lililofika huko kwa madereva wote. Wanasiasa nao wana simu.

Kama mjomba anaonekana mkali, anayo haki. Aliyelipa ada yako ya chuo cha udereva ni yeye, ingawa siku ya kukuaga shukrani zote walipewa waliotoa tiketi, na jina lake halikutajwa hata na msoma dua. Hilo ameshalisamehe. Lakini alishika usukani wa mabasi ya Dar es Salaam na Mbeya mpaka akastaafu, na hakuna abiria wake aliyelazwa mochwari. Tajiri mmoja alimfukuza kwa sababu alikataa kuondoka gari likiwa na tairi lililokwisha. Mjomba akaenda zake kutafuta kazi kwingine, na tairi lile likapasuka mikononi mwa mwingine. Heshima hiyo ndiyo urithi wa udereva katika ukoo huu, na haigawanywi kama michungwa.

Mengine ni machache. Usinunue gari kwa mkopo kabla ya kumaliza deni la nauli. Ukitoka zamu ya usiku lala kwanza, ndipo upike. Sala usiiache. Yule binti wa Korogwe bado anaulizia. Kama hutaki, mwambie.

Turudi kwenye ile "hamna kitu." Mjomba anataka umwandikie kilichotokea: honi ilikuwa ya nani, ulikuwa na abiria wangapi, na yule mwanamke alikuona unafanya nini. Usimwandikie mama yako, mwandikie mjomba, naye hatalisoma jibu lako mkekani.

Kikao cha Muheza kimeahirishwa hadi Jumapili, saa mbili usiku ya huku, ambayo kwako ni mchana na siku hiyo huna zamu. Safari hii simu atashika mjomba, na swali la kwanza litakuwa uko wapi. Ukiwa barabarani atakata, na shamba litasubiri. Ukiwa kazini, izime hiyo hedseti uiweke mfukoni. Anayekutafuta ataacha ujumbe. Mama yako ameshaelezwa na amekubali kutopiga saa za kazi. Mtumie ratiba yako ya zamu wiki hii, ajue saa za kupiga.

Wasalaam,
Mjomba wako, Ngamiani, Tanga.