Matayarisho ya Kulala Mwituni

Ziko safari ambazo mtu huzitayarisha kwa siku moja, na ziko nyingine ambazo matayarisho yake huwa marefu kuliko safari yenyewe. Kulala siku tatu katika mwitu wa Katavi ni safari ya namna hii ya pili. Mimi ni mwenyeji wa Mpanda kwa kuzaliwa na mkazi wa Dar es Salaam kwa kazi. Basi nilipowaahidi wanafunzi wangu saba wa Kiswahili kuwa likizo ya Agosti tutakwenda kupiga kambi huko, niliahidi kama mtu awaalikaye wageni nyumbani kwao. Tangu siku hiyo nimekaa na karatasi na kalamu, na kila nikiandika jambo moja huzuka jingine la kuulizwa.

Mwalimu wa lugha hawezi kufunga mzigo kabla ya kuyafungua maneno. Kambi ni neno lililobeba mengi. Misafara ya karne ya 19 ilikuwa na kambi zake: wapagazi walitua mizigo, wakakata miiba, wakajizungushia boma, wakawasha moto, wakalala. Mapema mwaka 1872 Livingstone na Stanley walipita katika nchi hizi za mashariki ya Ziwa Tanganyika wakitoka Ujiji kwenda Unyanyembe, na katika misafara kama hiyo hema lilikuwa la bwana, mpagazi akajitafutia kibanda cha majani. Wavuvi wa pwani wana dago, ambalo ni kambi yao wahamapo kwa muda kuwafuata samaki. Kwetu Mpanda neno kambi huwakumbusha watu wengi Katumba na Mishamo, makazi yaliyofunguliwa katika miaka ya 1970 kwa ajili ya wakimbizi waliotoka Burundi. Katika habari zote hizo simwoni aliyelala nje kwa kupenda. Alilala nje kwa kazi, au kwa riziki, au kwa kukosa pa kwenda. Mwanafunzi wangu mmoja aliniuliza kwa adabu, “Mwalimu, tunakwenda kulala chini ili tupate nini?” Sikumjibu, maana swali lilikuwa zuri kuliko majibu niliyokuwa nayo.

Wakati wa kwenda haukuwa na mashindano. Mvua za Katavi huanza Novemba na kuendelea mpaka Aprili, na katika miezi hiyo mbuga za Katavi na Chada hugeuka maziwa, na udongo mweusi wa barabara hushika gurudumu kama gundi. Agosti nchi ni kavu, nyasi zimepungua, na wanyama huonekana mbali. Lakini ukavu nao una dai lake. Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyoanzishwa mwaka 1974 na kupanuliwa baadaye hata ikafikia kilomita za mraba 4,471, huutegemea sana Mto Katuma. Kiangazi kikikomaa mto huo hubaki madimbwi, na viboko hukusanyika humo kwa mamia, mgongo kwa mgongo, katika tope ambalo wewe msomaji usingeliita maji. Mamba hujificha katika mapango ya kingoni. Huko juu, nje ya hifadhi, maji ya Katuma huchepushwa kwa mifereji kunywesha mashamba ya mpunga, na mpunga huo ndio wali wa sahani zetu. Mkulima hawezi kulaumiwa kwa kulima, wala kiboko kwa kuwa na kiu. Lakini mmoja wao ana diwani wa kumsemea, na mwingine hana.

Kwa sababu hiyo nimeandika katika orodha yangu kuwa hatutachota hata ndoo moja mtoni. Maji yote yatatoka Mpanda. Wanafunzi saba, dereva, askari wa hifadhi na mimi ni watu kumi. Lita 5 kwa mtu kwa siku, siku tatu, ni lita 150. Nikaongeza 50 za kunawia na za dharura, yakawa madumu kumi ya lita 20. Hema hazitasimamishwa karibu na maji wala juu ya njia yoyote iliyokanyagwa ikawa laini, kwa kuwa viboko hutoka usiku kwenda malishoni, na kiboko hakubali kuzunguka kitu kilichowekwa njiani mwake. Chakula kitafungiwa garini, kisilale hemani na mtu, kwa maana fisi ana pua. Nguo za buluu na nyeusi nimezikataza, kwa kuwa mbung'o, ambao kwetu huitwa ndorobo, huzipenda rangi hizo. Hata mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo hizo. Fulana za chuo chetu ni za buluu. Wanafunzi walisikitika sana, na nadhani walisikitikia picha zaidi kuliko fulana.

Mambo hayo yote ni mepesi. Zito lilikuja nilipokwenda Mpanda mwezi uliopita kumwamkia Baba Mkubwa, ambaye amepita miaka themanini. Nilimsomea orodha yangu kwa fahari kidogo. Alisikiliza mpaka mwisho, hata bei ya hema, kisha akauliza kama kulala huko kuna malipo. Nikamwambia kuwa kuna kiingilio na kuna ada ya kambi, na kwamba raia hulipa kidogo kuliko mgeni. Akanyamaza. Halafu akasema, “Baba yangu alitolewa huko akiwa mtoto, kwa ajili ya malale. Alitoka bure. Wewe, mwanangu, utalipa ili uingie?”

Habari hiyo nilikuwa naijua kwa vitabu. Katika miaka ya 1920 serikali ya Waingereza iliwaondoa watu wengi wa magharibi ya Tanganyika katika vijiji vilivyotawanyika, ikawakusanya katika makazi makubwa, ili kuwaepusha na ugonjwa wa malale. Ugonjwa ulikuwa wa kweli, na yamkini wengi walipona kwa kuhamishwa. Ni kweli pia kuwa mahali palipotoka watu pakaota miti, na mgeni wa leo akiiona miti hiyo husema kuwa hapa hapajapata kukaliwa na mtu. Ada yenyewe siioni kuwa dhuluma, kwa sababu askari wanaolinda tembo hawali majani. Hata hivyo sikupata neno la kumjibu mzee, na nilipokuwa bado nalitafuta, akasema kwamba na yeye atakwenda.

Binti yake, ambaye ni muuguzi, alikataa pale pale. Shinikizo la damu la baba yake hupanda bila kubisha hodi, magoti yake ni mabovu, na gari haziruhusiwi kuzunguka hifadhini usiku. Nilipendekeza alale Sitalike, kijiji kilicho langoni, yapata kilomita 35 kutoka Mpanda, nasi tumchukue asubuhi. Mzee alikataa. “Nje ya lango ni nje,” akasema. Anataka kulala usiku mmoja katika nchi ile. Babaye alimsimulia habari za mawe ya kusagia yaliyoachwa kijijini, kwa kuwa mawe hayabebeki, naye anadhani akiyaona atayajua. Tena anataka kufika penye mkwaju wa Ziwa Katavi, ambao Wabende na Wapimbwe husema ni makao ya roho ya Katabi, mwindaji wa zamani ambaye hifadhi imechukua jina lake. Mzee ni mtu wa kanisani kila Jumapili. Nilipomtazama kwa mshangao alisema kuwa kusalimia si kuabudu.

Nimekata shauri aende, na wenzangu wawili chuoni wameniita mpumbavu. Kambi yetu ilikuwa iwe Ikuu, ndani kabisa, ambako viboko ni wengi. Sasa nimeomba kiwanja kilicho karibu na lango, na Ikuu tutakwenda mchana. Wanafunzi wamepoteza ngurumo za usiku. Badala yake watakuwa na mzee awezaye kutaja miti kwa Kibende, mti baada ya mti, na madaftari yao yatakuwa tayari. Nimewaandikia wakuu wa hifadhi kuomba kwamba, ikilazimu, gari yetu itolewe usiku pamoja na askari. Jibu halijafika. Lisipofika, au likiwa la kukataa, mzee hataingia, nami ndimi nitakayempelekea habari hiyo kwa mdomo, wala sitampigia simu.

Kwa sasa nimeongeza kitanda cha kamba, blanketi la pili, dawa zake katika kopo lisiloingia vumbi, na dumu la kumi na moja.