Mizani ya Pumzi



Sisi wa Kapata tunaijua barabara ya Kolwezi hadi Lubumbashi. Malori ya shaba na kobalti huenda Kasumbalesa, ya asidi huja migodini, na katikati yao hupita mabasi na pikipiki zilizowabeba ndugu zetu. Mnamo Februari 2019, katika barabara hiyo, lori la asidi lilipata ajali pamoja na basi. Watu wapatao 20 walifariki. Hatusemi kwamba dereva alikuwa amelewa. Twasema tu kwamba hapa kosa la mmoja hulipwa na wengi.

Ndiyo sababu dereva huambiwa apulize katika kifaa. Pombe huingia katika damu, na kutoka damuni hufika mapafuni. Hivyo pumzi hutoa ushuhuda. Ini huiondoa polepole, yapata gramu 0.15 kwa kila lita ya damu kwa saa. Kahawa na maji baridi haviharakishi kazi hiyo. Aliyekunywa lutuku hadi usiku wa manane aweza kuamka alfajiri akijiona mzima, kumbe pombe ingali damuni. Bangi hupimwa kwa mate au mkojo. Lakini mkojo waweza kuonyesha bangi ya siku nyingi zilizopita, basi mpimaji wa haki asihukumu kwa haraka.

Hata hivyo, kifaa hakina dhamiri. Rafiki aweza kupuliza badala ya mlevi, na mpimaji aweza kupokea noti akaandika sifuri. Kitabu cha Mithali kinashutumu mizani ya hila. Pumzi nayo ina mizani yake. Mwenye Heri Floribert Bwana Chui, kijana mlei wa Goma, alikagua bidhaa mpakani. Alikataa rushwa ili chakula kilichoharibika kisiwafikie watu, akauawa Julai 2007. Kanisa lilimtangaza Mwenye Heri tarehe 15 Juni 2025. Alijua kwamba anayeuza kipimo anauza uhai wa jirani.

Katekisimu, namba 2290, yafundisha kwamba anayehatarisha wengine barabarani kwa ulevi au kwa kupenda mwendo wa kasi ana hatia kubwa. Langoni mwa mgodi kuna kifaa. Penye kilabu cha mtaani, pikipiki zinaposubiri abiria, hakuna. Hapo sisi ndio tulio kipimo: tukatae kupanda, tuuzuie ufunguo, tumsindikize mwenzetu nyumbani kwa upole.

Tujiulize katika kikundi: ni nani ambaye tumemwacha aendeshe kwa sababu tuliogopa kumuudhi?