Uso na Jina

Mwezi uliopita alinijia mpwa wangu, kijana wa miaka 27, ambaye kazi yake ni kupiga picha. Hakuajiriwa na gazeti wala ofisi yoyote, anajitegemea. Riziki yake hutoka katika picha za arusi, za mahafali na za pasipoti. Baada ya kuniamkia na kunywa chai, alitandaza mezani ramani ya nchi na daftari lake la mipango, akaniomba nizitazame safari zake kabla hajakata tikiti.

Mipango yenyewe ilinipendeza. Safari ya kwanza ataianza mwezi wa Juni, masika yakishapita, maana mvua kubwa zimezoea kuiharibu reli sehemu za Kilosa. Ataifuata Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma, akishuka Morogoro, Dodoma na Tabora, apige picha za sura za wazee waliofanya kazi relini: madereva, mafundi wa karakana, washika bendera, pamoja na akina mama waliouza chakula kwenye madirisha ya mabehewa. Reli hiyo ilianza kujengwa mwaka 1905, ikafika Kigoma mwaka 1914. Tangu mwaka 2024 treni za umeme zinakwenda Dodoma kwa reli mpya, na wazee waliolihudumia garimoshi la mvuke wamebaki wachache. Safari ya pili itakuwa ya pwani, wakati wa kaskazi, kuwatafuta mafundi wa majahazi wa Bagamoyo, Pangani na Kilwa. Katika daftari alikuwa ameandika: watu 60, siku 20.

"Mjomba," aliniambia, "nimepiga hesabu ya nauli, malazi na betri. Nimekosa nini?"

Nilimuuliza, "Picha hizo zitakuwa za nani?"

Alidhani namtania. "Zangu, mjomba. Mimi ndiye mpigaji."

Hapo ilinibidi nimsimulie jambo ambalo hata wanangu sijapata kuwasimulia kwa ukamilifu. Mwaka 1979, nikiwa mwanafunzi wa darasa la pili, alipita kijijini kwetu mgeni mmoja mwenye kamera. Alimkuta mama yangu barazani akisuka ukili wa mkeka. Mgeni aliomba ampige picha, na mama akakubali. Aliingia ndani, akanawa uso, akavaa khanga aliyokuwa akiiweka kwa ajili ya sikukuu, akatoka na kuketi wima kama mtu anayekwenda kuapishwa. Mgeni alipiga picha tatu, akashukuru, akaahidi kumletea nakala moja. Jina la mama hakuliuliza.

Mama alifariki mwaka 1994. Katika miaka ile yote 15, kila alipofika mgeni kutoka mjini, mama aliuliza, kwa mzaha uliokuwa na ukweli ndani yake, kama picha yake haijapatikana. Haikupatikana. Leo sina picha ya mama yangu hata moja. Huenda uso wake umetundikwa ukutani mahali fulani, na chini yake pameandikwa "Msuka mikeka". Mimi mwanawe nimebaki na ahadi tu. Nao wahenga walisema ahadi ni deni.

Mambo haya hayakuanza na mgeni yule. Katika kadi za posta zilizochapishwa enzi za ukoloni, aghalabu Mwafrika hakutajwa jina. Alitajwa kwa kabila lake au kwa mzigo aliobeba. Wala wenye kamera wenyewe hawakusalimika. Seydou Keïta wa Mali alifungua studio yake mjini Bamako mwaka 1948, si mbali na stesheni ya treni. Watu walimjia wakiwa wamevaa nguo zao bora, na asiye na saa au koti aliazimwa pale pale. Kila mmoja aliondoka na picha yake akaitundike nyumbani. Hata hivyo, picha zake zilipoonyeshwa mjini New York mwaka 1991, zilionyeshwa kama kazi ya mtu asiyejulikana. Keïta alikuwa hai, yupo Bamako. Ilibidi atafutwe ndipo jina lirudi kwa mwenyewe. Ikiwa fundi mkubwa kama yule alipotezewa jina angali anapumua, itakuwaje kwa muuza maandazi wa stesheni?

Lakini sistahili kuwanyoshea wengine kidole peke yao. Mimi ni mtumishi wa serikali. Kwa miaka mingi nimebana picha ndogo za watu kwenye majalada yao. Kwangu jina na namba vilikuwapo, uso sikuutazama. Mgeni yule alichukua uso akaacha jina. Mimi nilichukua jina nikaacha uso. Makosa yetu ni ndugu.

Mpwa wangu alinyamaza kitambo, kisha akapinga kama inavyompasa kijana mwenye akili. Alisema kwamba nakala za kusafisha kwenye karatasi zina gharama, na kurudi Kigoma kuzigawa ni nauli nyingine. Akisema arudishe zote, watu 60 hawatawezekana. Hayo ni kweli, wala sikumficha. Nilimwambia apunguze watu. Tulikaa na kalamu hadi taa zikawashwa. Watu 60 wakawa 22. Siku moja ikaongezwa kila kituo, ili kwanza aketi na mzee na kupata ridhaa yake kabla ya kuitoa kamera mkobani. Fungu la nakala likaingizwa katika hesabu, na safari ya kurudisha ikaandikwa mwezi wa Septemba. Katika daftari tulichora safu nne: jina kama mwenyewe anavyolitamka, kazi aliyoifanya, mahali anapoishi, na nani apelekewe nakala ikiwa mwenyewe atakuwa ametangulia mbele ya haki.

Barua ya utambulisho nimemwandikia.

Nanyi walimu na wanafunzi, leo wengi wenu mna kamera ndani ya simu, nanyi hupiga picha kwa siku moja kuliko kijiji chetu kilivyopigwa kwa miaka mingi. Mkimpiga mzee picha, muulizeni jina lake na mliandike, kisha mumpelekee nakala mkononi. Utamaduni wa taifa ni watu wenye majina, na watu hao wana watoto watakaowatafuta.

Kabla ya kuondoka, mpwa wangu alifungua ukurasa wa kwanza wa daftari, akaniuliza jina kamili la bibi yake. Akaliandika kwenye safu ya kwanza. Safu ya nakala aliiacha wazi.